Tiketi za AFCON Arusha zisije zikaishia kwa walanguzi, utaratibu uwekwe sasa hivi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo hapa Arusha naona hatuliongelei kabisa, wakati kwenye daladala na vijiweni stori kila siku ni uwanja mpya wa Olmoti. Watu wanaongelea barabara, wanaongelea viwanja vya kujenga vilivyopanda bei kule, wanaongelea hoteli zitakavyojaa AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tunayoandaa na Kenya na Uganda, na wako sawa. Ila sijamsikia mtu anauliza huyu mkazi wa Unga Limited au Ngaramtoni tiketi ataipataje, atailipia wapi, akipata dharura atairudisha kwa nani, na itakuwaje akikuta kwenye simu zimeisha alafu pale pale getini kuna jamaa ameshika kumi anaziuza mara tatu ya bei. Uwanja wenyewe unabeba watu 30,000. Jiji la Arusha peke yake sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki sita, hapo hujaweka Moshi, hujaweka Babati, hujaweka ndugu zetu Wakenya ambao wakivuka Namanga asubuhi mchana wako hapa mjini.

Ninachoomba ni kimoja. Tiketi ikishanunuliwa isiuzwe tena kwa bei inayozidi ile iliyoandikwa, na pawepo sehemu rasmi ambapo mtu aliyeshindwa kwenda anairudisha, anapata hela yake, na mwingine anainunua kwa bei ile ile. Hilo liandikwe kwenye utaratibu kabla hata tiketi ya kwanza haijaingia sokoni, maana tiketi zikishaanza kuuzwa tu basi imeisha hiyo, walanguzi watakua washajipanga na sisi ndio tutakua tunalalamika.

Hii ya kurudisha tiketi najua kuna watu wataiona ndogo, watasema si umpe tu rafiki yako aende. Mimi ni mpishi wa safari, napanda mlima na naingia porini na wageni, na kazi zetu hapa mjini wanaozijua wanazijua, wapishi, madereva, wale wapagazi tunaowaita wagumu, unapigiwa simu saa mbili usiku unaambiwa kesho alfajiri uwe geti la Machame kuna wageni wa siku sita. Huwezi kukataa, ukikataa mara moja wanampigia mwingine na wewe simu haiiti tena. Sasa mimi nilishanunua tiketi ya mechi kubwa kwa simu, nimelipia kabisa, kazi ikaja. Nikampigia wakala aliyeniuzia nikamuuliza naweza kurudishiwa au nibadilishe jina aende shemeji yangu, akanijibu tiketi ikishalipwa imelipwa na mfumo haubadilishi. Nikamtumia shemeji ule ujumbe, alivyofika getini akaambiwa lazima ihakikiwe kwenye namba iliyonunua, na namba iliyonunua iko na mimi mlimani hakuna mtandao. Akarudi nyumbani. Kiti kimekaa kitupu dakika zote tisini, na nje ya ukuta kuna watu wamesimama na hela mkononi wanatafuta tiketi. Hapo nani kafaidika? Mimi nimepoteza, shemeji kapoteza, yule wa nje kakosa, na timu yenyewe imecheza mbele ya viti vitupu ambavyo kwenye hesabu vimeuzwa.

Na watu wakishajua kwamba hakuna njia halali ya kurudisha ndipo mlanguzi anapopata kazi. Anakuja anakwambia nipe hiyo tiketi yako ya elfu kumi nikupe elfu saba, unampa kwasababu bora hiyo saba kuliko kukosa yote, alafu anageuka anaiuza elfu thelathini. Nimeyaona haya pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa mjini, timu sizitaji maana sio kosa la timu, kwenye simu wanasema zimeisha tangu juzi yake, na siku ya mechi kuanzia upande wa stendi mpaka karibu na geti vijana wanaita bei, na kadiri muda wa mpira kuanza unavyosogea bei inapanda. Kuna mzee alikuja na mjukuu wake kavaa jezi, akasikia bei ya tiketi mbili akamshika mtoto mkono wakaondoka. Ile iliniuma na bado inaniuma.

Huu mji unapenda mpira, asije mtu akasema Arusha hawaendi uwanjani. Fainali ya Kombe la Shirikisho tarehe 2 Julai 2022, Yanga na Coastal Union hapo hapo Sheikh Amri Abeid, waliokuwepo hawatasahau, 3-3, Sopu wa Coastal kapiga hat-triki, mabao matatu peke yake, na bado Coastal wamefungwa kwa penati. Msimu wa 2024/25 Coastal Union wakaja kucheza mechi za nyumbani hapa, na Simba na Yanga wakija mji unasimama. Sasa fikiria nchi inacheza AFCON.

Alafu kuna hili la skrinshoti. Jirani yangu kijana mdogo tu alinunua tiketi kwa mtu wa kwenye grupu la WhatsApp, kapewa picha yenye ile alama ya kuskani, kafika getini mashine inasema imeshatumika. Yule muuzaji aliituma picha moja kwa watu sijui wangapi, aliyewahi kufika ndio kaingia. Wenzetu Marekani kampuni za tiketi walishaona huo wizi wakaleta tiketi ambayo alama yake inabadilika yenyewe kila baada ya sekunde chache, ukipiga picha haifai kitu. Nzuri kwa kuzuia wizi, lakini ina upande wake wa pili, tiketi inakaa ndani ya aplikesheni ya kampuni peke yake, huwezi kumpa mtu bila kupitia kwao, na ukitaka kuiuza unauzia kwao na wanakata chao. Na lazima simu iwe na chaji na uwezo wa kufungua hiyo aplikesheni. Mimi naona tuzuie skrinshoti ndio, lakini tusije tukamfunga mwenye tiketi mikono yote miwili.

Mhariri, sisi wengi tunaangalia Ligi Kuu ya Uingereza kwenye mabanda, tunaona viwanja vimejaa tunadhani kule mambo yote yako sawa. Hapana. Kule mashabiki wana tiketi ya msimu, unalipa kabla ligi haijaanza unapata kiti chako kwa mechi zote 19 za nyumbani, na hiyo tiketi kuna watu wameisubiri miaka. Siku hizi vilabu vingi vimeihamishia kwenye simu, wazee waliozoea kadi yao ya plastiki wanahangaika, na usipohudhuria idadi fulani ya mechi baadhi ya vilabu wanaweza kukunyang'anya. Wakati huo huo soko la klabu la kurudishia kiti kwa vilabu vingine halifunguki mpaka tiketi nyingine zote ziishe, kwahiyo mtu ana msiba, hawezi kwenda, hawezi kuuza, na mfumo unamhesabia kwamba hakuja. Malalamiko ya mashabiki kule ni hayo hayo ya kwangu mimi wa Arusha, sema wao kiti ni cha msimu mzima.

Ila kuna kitu wamefanya ambacho tunatakiwa tukiige. Uingereza wana sheria tangu 1994 inayosema kuuza tiketi ya mpira bila kibali ni kosa la jinai, haijalishi umeuza kwa bei gani. Waliiweka kwa ajili ya usalama, kwasababu tiketi zikizunguka ovyo mashabiki wa timu pinzani wanajikuta wamekaa pamoja. Ndio maana vilabu vikalazimika kuwa na soko lao la kurudishana, unaweka kiti chako, klabu inakiuzia mwingine, wewe unarudishiwa thamani ya mechi hiyo moja. Lina kasoro zake kama nilivyosema lakini lipo, na bei yake sio ya kukomoa.

Na mashabiki wa kule hawakai kimya. Tarehe 6 Februari 2016 Liverpool wanacheza na Sunderland Anfield, wenye timu walikuwa wametangaza tiketi ya bei ya juu itakua pauni 77 msimu unaofuata, ilipofika dakika ya 77 maelfu ya watu wakasimama wakatoka nje. Liverpool alikuwa anaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Siku chache baadae wamiliki wakaomba radhi wakafuta ile bei. Mwaka huo huo vilabu vyote vya ligi wakakubaliana tiketi ya shabiki wa ugenini isizidi pauni 30. Kwahiyo mtu asije akaniambia bei haiguswi, inaguswa watu wakisema kwa sauti moja.

Sasa nije kwenye kile kinachonitisha zaidi, maana CAF, wenye mpira wa Afrika, wanaangalia FIFA, wenye mpira wa dunia, anafanya nini. Kwenye Kombe la Dunia 2026 FIFA walileta bei isiyotulia, tiketi inapanda kadiri watu wanavyoitafuta, wakatangaza kuanzia dola 60 mpaka dola 6,730 ya fainali na baadae zikapanda zaidi ya hapo. Alafu wakafungua soko lao wenyewe la kuuza tena tiketi, ambapo kwa mechi za Marekani na Canada muuzaji anajipangia bei anayotaka, na FIFA wanachukua asilimia 15 kwa anayenunua na asilimia 15 nyingine kwa anayeuza. Naomba msomaji aipige hii hesabu kwa hela yetu. Tiketi imewekwa laki moja. Anayenunua analipa 115,000. Aliyeuza anapokea 85,000. Elfu thelathini imebaki kwa mwenye soko, na hiyo ni tiketi ambayo alishaiuza mara ya kwanza akala hela yake. Ikiuzwa tena mara ya tatu anakula tena. Sasa mwenye soko wa namna hiyo atapata wapi moyo wa kumfukuza mlanguzi, wakati mlanguzi ndio anamletea hela kila tiketi inapobadilisha mkono? Bei ikiwa kubwa zaidi, asilimia 15 yake inakua kubwa zaidi.

Serikali ya Marekani yenyewe imeliona hilo, Septemba 2025 tume yao inayolinda biashara na walaji iliishtaki Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, mahakamani, ikidai kampuni iliwaacha walanguzi wakubwa wanunue tiketi kupita kiwango kilichowekwa alafu ikawaruhusu kuziuza kwenye soko lake hilo hilo kwa bei ya juu. Ni madai, lakini ukiyasoma unaona njia ilivyo.

Mexico nao ni waandaaji wa Kombe lile lile la Dunia ila kule sheria zao haziruhusu kuuza tena tiketi kwa bei ya juu, kwahiyo kwa wakazi wa Mexico FIFA ikabidi iweke sehemu ya kubadilishana tiketi kwa bei ile ile iliyonunuliwa, hakuna kuongeza. Mashindano mamoja, mwenye mashindano mmoja, nchi moja imesema hapana na ikasikilizwa. Hapa ndipo ninapotaka viongozi wetu wa TFF, shirikisho letu la mpira, Wizara na kamati ya maandalizi waangalie vizuri. Mtaambiwa hizi ni taratibu za kimataifa hatuwezi kuzigusa. Mexico waligusa. Na hata FIFA wenyewe Desemba 2025, baada ya vyama vya mashabiki Ulaya kuja juu kwamba wamesalitiwa, walirudi wakatoa tiketi za dola 60 kwa kila mechi mpaka fainali kwa mashabiki wa timu zinazocheza, japo chache.

Sisi watu wa Arusha hatuna ugeni na bei mbili. Ukienda geti la Tarangire au Ngorongoro kuna kiingilio cha mtu wa Afrika Mashariki na kiingilio cha mgeni wa kutoka nje, na hakuna mgeni niliyewahi kumpikia akalalamika kwamba mwenyeji analipa kidogo, wanaelewa kabisa. Kwahiyo sioni kwanini kwenye mpira ishindikane kutenga sehemu ya viti kwa wakazi, kwa bei ya wakazi, na viti hivyo visiruhusiwe kuhamia kwenye vifurushi vya watalii. Hofu yangu kubwa ni hiyo ya vifurushi, kwasababu huu mji unajua kuuza kwa dola, hoteli, gari la uwanja wa ndege, siku mbili porini na tiketi ya mechi ndani yake, inaenda kwa bei ambayo tiketi yenyewe haionekani imeuzwa shilingi ngapi. Mimi naishi kwa utalii, sina ugomvi na wageni kabisa, waje wengi. Lakini Taifa Stars akicheza Olmoti wakati machalii wa Sakina na Kwa Mrombo wako kwenye banda wanaangalia kwenye tivii uwanja ambao kelele zake wanazisikia dirishani, hiyo haikubaliki.

Na tiketi yenyewe inunuliweje? AFCON ya Morocco ilibidi kwanza upakue aplikesheni ya Yalla ujisajili upate Fan ID, kitambulisho cha shabiki, ndio ununue tiketi. Kwa kujua nani kaingia uwanjani ni nzuri, na inamkata miguu mtu anayetaka kununua tiketi mia kwa majina ya uongo. Lakini watu wangapi hapa wana kitochi? Mama anayeuza mbogamboga soko la Kilombero analipia kila kitu kwa simu yake ya batani, anapiga nyota na reli anatuma hela, hana shida, na hiyo ndio njia anayoijua. Kama tutasema tiketi ni kwa aplikesheni tu na kadi ya benki tu basi tumeshachagua nani aingie. Iwepo njia ya kitochi, liwepo dirisha hapa mjini na Moshi ambapo mtu anakuja na kitambulisho chake analipa anapewa tiketi yenye jina, na mtu mmoja asizidi tiketi nne kwa mechi. Na getini wawe na namna ya kuhakiki hata mtandao ukikata, maana watu elfu thelathini wakiwasha data eneo moja kila mtu anajua kinachotokea, hata Sheikh Amri Abeid ikijaa tu kupiga simu ni kazi.

Kuna na la mechi kuahirishwa. Tarehe 8 Machi 2025 dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliahirishwa siku ile ile ya mechi, ikaja kuchezwa Juni 25. Watu wa mikoani walishafika Dar, na kutoka hapa kwetu kwa basi ni zaidi ya kilomita 600 kwenda tu. Nauli na gesti sijui nani wa kumdai, lakini hela ya tiketi mechi ikisogezwa inatakiwa irudi yenyewe kwenye namba ile ile iliyolipa, shabiki asianze kupiga simu ofisi kwa ofisi, na anayetaka kubaki na tiketi yake kwa tarehe mpya abaki nayo. Kama mfumo unaweza kukata hela kwa sekunde moja unaweza na kuirudisha.

Nafahamu mtu atasema ukizuia bei ya juu walanguzi watajificha tu wauze chini kwa chini. Wachache watajificha kweli. Lakini tiketi ikiwa na jina, na sehemu halali ya kurudisha ipo na inalipa hela yote, nani atampa mlanguzi tiketi yake kwa elfu saba? Atazitoa wapi? Kinachomlisha ni mtu kama mimi aliyeitwa kazini usiku na hana pa kupeleka tiketi. Mkimpa pa kuipeleka mmemmaliza mlanguzi bila hata kuhangaika na virungu getini.

Kwahiyo nawaomba wahusika, kabla hamjatangaza bei za mechi za Arusha, tangazeni kwanza utaratibu wa kuuza, wa kurudisha na wa kuhamisha tiketi, kwa Kiswahili, redioni na magazetini, na mtuambie viti vingapi kati ya hivyo 30,000 vitauzwa kwa wananchi na vingapi vinakwenda kwa wadhamini na wageni waalikwa. Na utaratibu huo uanze kutumika mapema kwenye mechi za ligi zinazochezwa hapa, tuone unapokwama na urekebishwe, badala ya kuja kuujaribu kwa mara ya kwanza siku Stars anaingia uwanjani.

Asante kwa nafasi.

Mpishi wa safari na shabiki wa mpira,
Kijenge, Arusha